Mama Alipokaa Mbele ya Mmarekani

Mama yangu hakuwa na picha. Zilizokuwepo zilibaki Unguja, katika mtoto wa meza, ndani ya nyumba tuliyotoka na nguo tulizovaa tu. Tulipofika Ibra, Oman, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa mwanamke mzima, nimeshaachwa na mume, nimesoma mpaka darasa la sita. Kaka yangu alikuwa ametutangulia na mkewe. Tukakaa nao katika nyumba ya udongo kando ya falaji, mfereji wa maji unaopita kati ya mitende.

Mwaka ule ule mama alianza kuvaa barakoa, kile kifuniko cha uso cha wanawake wa huko, chenye rangi ya nili, kinachoacha macho tu. Kwetu hakuwahi kuivaa. Alisema wenyeji hawatuelewi kwa maneno, basi angalau watuelewe kwa nguo. Kwa hiyo watu wa Ibra walimjua mama yangu kwa macho tu. Akirudi nyumbani aliivua na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na rangi ya nili ilikuwa imebaki juu ya pua yake, buluu, kama mtu aliyelalia wino.

Siku moja tunafua, mama akanambia, "Nimeisahau sura ya mama yangu."

Nikamwambia haiwezekani.

"Sauti ninayo. Kanga zake ninazijua moja moja. Vidole ninavyo. Uso umetoka. Nikiuita unakuja uso wa dada yangu."

Aliendelea kufua. Mimi nilisimama na nguo mkononi, nikimtazama, na toka siku hiyo nikaanza kuogopa. Nilijua kwamba siku moja atakufa, na kwamba mimi ni mwanawe, kichwa changu si bora kuliko chake.

Mmarekani alikuja mwaka wa tatu au wa nne wetu pale. Mumewe alikuwa mhandisi wa maji, alitumwa kupima mafalaji ya upande ule. Yeye alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, pua inachunika kwa jua, anavaa kofia ya majani. Alipita njia ya mashamba wakati mama ananigombeza kwa sababu ya sabuni iliyochukuliwa na maji. Akasimama.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Mama aligeuka. "Marahaba. Huyu katoka wapi huyu?"

Kumbe alikaa Moshi miaka saba kabla ya kuja Oman, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Miezi mitatu Ibra alikuwa hajapata mtu wa kuzungumza naye ila mumewe. Mama akamleta nyumbani, akampa kahawa na tende, na akamwambia kwamba Kiswahili chake kimekaa kama godoro lisilopigwa.

Wifi yangu, ambaye alizaliwa Tabora, akasema, "Mbona mimi namsikia vizuri? Anasema kama mimi."

"Ndiyo nilivyosema," mama akajibu.

Toka hapo alikuja karibu kila siku baada ya alasiri. Tulipomuuliza kazi yake, alisema anachora watu, nyuso zao, kwa rangi za mafuta. Wifi akauliza kama hiyo ni kazi ya mtu kulipwa. Akasema ndiyo, imemlisha toka akiwa na miaka ishirini na mbili.

Alitueleza maisha yake kidogo kidogo, huku akichambua mchele pamoja nasi, maana mama hakuruhusu mtu akae mikono mitupu. Baba yake alikuwa kinyozi katika mji mdogo wenye theluji. Akitoka skuli alikaa kwenye benchi la wateja na kuchora vichwa vinavyonyolewa. Alisema mtu anayenyolewa hatikisiki na hajifanyi, na ndipo alipojifunza. Baadaye alikwenda mji mkubwa, akasoma kwa mwalimu mmoja mkali, akaanza kuchora mahakimu, madaktari, wakuu wa vyuo na wake za watu wenye fedha. Mke mmoja wa mwenye benki alimfanya afute kidevu cha pili mara tatu.

"Akafuta?" mama akauliza.

"Mara tatu."

"Na kile kidevu?"

"Kilibaki kwake."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Lakini alisema pia kwamba nusu ya maisha yake imetundikwa kwenye vyumba vya mikutano ambamo hakuna anayeinua kichwa. Na alitueleza habari moja kwa sauti nyingine. Watu wawili walifiwa na mtoto, wakamletea picha ya kamera, wakamwomba amchore. Alimchora kwa miezi miwili. Mama wa mtoto alipokuja kuitazama alisema, "Ni yeye, lakini hanijui." Siku hiyo Mmarekani aliapa kwamba hatamchora tena mtu asiyekaa mbele yake.

Mimi nilisikia hayo nikamtazama mama. Mama yangu alikuwa hai, anaweza kukaa. Nilimngoja Mmarekani mlangoni akitoka, nikamwomba amchore mama, na nikamwambia kweli kwamba sina cha kumlipa. Alinambia amekuwa akimtazama mama toka siku ya kwanza na alikuwa anaona haya kuomba.

Mama alikataa. "Mimi nikatundikwe ukutani kama kalenda?"

"Hutatundikwa," nikasema. "Utakaa sandukuni."

"Nikiwa hai nikae sandukuni. Wasikilizeni."

Wifi akasema, "Mama, kubali. Akuchore na kidevu kimoja."

Mama akamtupia punje za mchele. Lakini kesho yake, tulipokuwa peke yetu, aliniuliza kwa nini nataka. Nikamwambia kwa sababu ya uso wa bibi uliomtoka. Alikwenda kuivua barakoa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akapangusa buluu ya puani kwa ncha ya kanga, haikutoka. Akasema, "Mwambie aje asubuhi. Na kaka yako asiwepo."

Alikaa siku tisa. Ulikuwa msimu wa kuchemsha tende za aina ya mabsli kabla ya kuzianika, moshi wa majiko ulikuja mpaka ndani, na Mmarekani alisema rangi ile ya manjano ya tende zinazotolewa kwenye maji angependa kuinywa. Aliweka ubao wake wa miguu mitatu karibu na dirisha. Siku ya kwanza hakuchora kitu. Alimtazama tu. Alimtaka mama azungumze, maana mtu akinyamaza, alisema, uso unajifunga.

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Chakula."

Basi mama akaeleza mapishi. Siku tisa za mapishi: pilau, mchuzi wa papa, ndizi mbivu za nazi, mikate ya ufuta, mkate wa kumimina. Vitu ambavyo Ibra hatukuvipika, au tulivipika vikawa vingine, kwa sababu nazi zilikuja mara moja moja kutoka Salala zikiwa zimekauka, na papa wa pwani ya Sur alifika ameshapita mikono mingi. Nilikaa nyuma ya mlango kuzuia watu wasiingie, nikisikiliza. Sikujua kwamba nilikuwa nasikia mambo hayo yote kwa mara ya mwisho yakifuatana kwa mpangilio wake.

Siku ya tatu mama aliomba kuona. Mmarekani akasita, halafu akageuza ubao. Uso wa mama ulikuwa wa kijani, kijani kibichi cha majani ya mchicha, kutoka kipaji cha uso mpaka kidevu.

Mama aliutazama. "Umenifanya maiti," akasema.

"Hapana, Bi Mkubwa. Kijani kinakaa chini. Rangi ya ngozi inakuja juu yake. Bila kijani ngozi inakuwa kama ya mwanasesere."

"Yaani chini sote tuko hivi?"

"Kwenye picha, ndiyo."

Mama akafikiri, kisha akaangua kicheko, akatuita mimi na wifi tuje tumwone maiti. Tulicheka sote wanne. Wifi alimwita mama "kisamvu" mpaka jioni.

Rangi ya ngozi ilikuja kweli. Siku ya saba niliogopa kuitazama picha, jinsi ilivyokuwa ni yeye hasa. Mmarekani hakumfuta chochote. Alichora mashavu yaliyoteremka, alama ya ndui kwenye shavu la kushoto, na buluu ya nili juu ya pua aliiacha palepale. Mama akasema, "Hiyo pua ungenioshea." Lakini alikuwa ameridhika, nilimjua.

Siku ya tisa Mmarekani alichukua brashi nyembamba yenye nywele chache sana, akaichovya kwenye nyeupe. Mama akamuuliza anatia nini. Akasema nuru ya jicho, doa moja kila jicho, na ndiyo ya mwisho. Bila hiyo jicho halitazami.

"Usitie," mama akasema.

"Bila hiyo picha haijaisha, Bi Mkubwa."

"Na isiishe. Sisi tumefundishwa kwamba mchoraji ataambiwa siku ya Kiyama, huyo uliyemfanya mtie roho. Utaipata wapi roho? Umekuja kwangu, umekula kwangu, umechambua mchele wangu. Sitaki usimamishwe kwa sababu yangu. Iache hivyo. Ukiulizwa, utasema haikuisha."

Mmarekani alibaki na brashi hewani. Kisha akaifuta kwa kitambaa, taratibu, akaiweka chini. Alipotoka nilimsindikiza mpaka kwenye gari, na njiani alinambia kwamba miaka yote hiyo watu wamemwomba aondoe kidevu, aongeze nywele, aongeze nishani kifuani. Hakuna aliyewahi kumwomba aache kitu kwa ajili yake yeye mchoraji. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimuuliza, nadhani kwa ajili ya kusema kitu tu, lile doa lingekaa wapi. Akanionesha kwenye jicho lake mwenyewe kwa kidole, lakini jua lilikuwa machoni mwangu na sikutazama sawasawa.

Picha ilipokauka mama aliifunga ndani ya kanga yake, upande wa kulia kwanza, ikaingia sandukuni. Mwaka uliofuata mume wa Mmarekani alihamishwa, wakaondoka.

Mama alikufa miaka mitatu baadaye, kwa maradhi ya wiki mbili. Mambo yake yalikwenda kama yanavyokwenda. Watu walikuja, wanawake wa Ibra walimlilia kuliko nilivyotazamia, na mmoja akanambia, "Yale macho ya mama yako." Siku hizo nilikuwa mfagizi katika skuli ya wasichana. Nikirudi kutoka kazini baada ya alasiri, na wifi yuko jikoni, nilifungua sanduku na kumtazama.

Nitaeleza nilichofanya, maana nikikiacha habari hii yote ni ya uongo.

Macho yale yasiyo na nuru yalikuwa yanatazama, lakini hayakunitazama mimi. Alikaa kama mtu anayewaza jambo na bado hajasikia kwamba umeingia. Mwanzoni nilipenda hivyo. Nilisema, anawaza, atageuka. Wiki zikapita, miezi, hakugeuka. Nikaanza kusema naye. Nikaanza kumwambia, mama, mimi hapa. Nilikuwa najua sababu ya macho yale, nilikuwepo aliposema usitie. Na bado nikajiambia kwamba lile katazo lilikuwa la Mmarekani, la kumlinda yeye, na yeye sasa yuko kwao.

Skuli walikuwa wamepaka milango rangi nyeupe ya mafuta. Kulikuwa na kopo limebaki kidogo chini. Nililichukua. Siku ya Ijumaa, wote wako msikitini na wifi yuko kwa jirani, nilikata kijiti cha kiberiti kikawa na ncha, nikachovya, nikatia doa katikati ya jicho la kulia, na doa katikati ya jicho la kushoto.

Hakuwa mama. Alikuwa mwanamke aliyeshtuka, ananitazama kama mwizi. Nikafuta upesi kwa kitambaa, nyeupe ikatandaa juu ya mboni kama ukungu. Nikaleta mafuta ya taa. Ukungu ulitoka kidogo na kahawia ya jicho ikatoka nayo. Hapo nikaacha, nikakaa chini.

Wifi alinikuta hivyo. Alitazama picha, akanitazama mimi na kopo.

"Wifi," akasema, "umemfanya nini?"

Alichukua kanga, akaifunga picha yeye mwenyewe, akaitia sandukuni, na ufunguo akautia kwenye pindo la nguo yake. Hakumwambia kaka. Hajamwambia mpaka leo, na mimi na yeye tulikuwa watu wa kutaniana kwa kila kitu, lakini kwa hilo hajanitania hata mara moja.

Baadaye kaka alipata kazi Nizwa tukahama naye. Miaka ya themanini ilikuwa imeshafika katikati barua ilipokuja, imepitia Ibra kwanza, kwenye sanduku lake la posta. Mmarekani amerudi Oman, yuko Sur. Watoto wa tajiri mmoja wa zamani, aliyekuwa na majahazi, walimwita amchore baba yao. Aliandika kwamba mumewe amefariki, kwamba atakaa Sur mwezi mmoja, na kwamba anaomba habari za Bi Mkubwa.

Wifi alifungua sanduku akanipa picha, nami nikamwomba kaka anipeleke. Sikumwambia kilichomo ndani ya kanga isipokuwa kwamba ni picha ya mama na ina haja ya kutengenezwa. Tulitoka alfajiri kwa pikapu yake, tukapita Sinaw siku ya mnada wa mbuzi, tukapita Ibra bila kusimama. Njia nzima niliibeba magotini. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba watoto wa kaka waliichezea. Nilikuwa nimeyapanga na maneno.

Kaka alibaki garini, na mimi nikamkuta Mmarekani katika nyumba ya tajiri, chumba cha juu kinachotazama hori, mkono wa bahari unaoingia mjini. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Mzee wa nyumba alikuwa amelala kwenye kiti mbele ya ubao, kinywa wazi. Mmarekani alinikumbatia, akanambia kwa sauti ndogo kwamba watoto walitaka achorwe kijana, kutoka kwenye picha ya zamani, na yeye akakataa.

"Namchora hivi," akasema. "Analala kila siku saa hii. Wanawe wamekasirika."

Nilimwambia mama amefariki. Alijua, alisema, toka nilipoingia peke yangu. Kisha akafungua kanga.

Alipeleka kidole mpaka karibu na jicho bila kuligusa.

"Nani?"

Maneno yangu ya njiani yalikuwa tayari. Nikasema, "Mimi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. "Uliweka katikati."

"Nilidhani nuru inakaa katikati."

"Inakaa dirisha lilipo," akasema. Hakunilaumu na hakuniambia si neno.

Alichukua pamba, tapentaini na kisu kidogo chepesi kama wembe. Alifanya kazi kwa saa nzima, mzee akikoroma. Nyeupe ilitoka, na kila ilipotoka ilichukua jicho pamoja nayo. Alipoacha, mahali pa macho palikuwa pa kijani. Kile kijani cha siku ya tatu.

"Sasa hakuna tena uchafu," akasema. "Naweza kuyachora upya. Ni kazi ya nusu saa."

"Uliapa."

"Niliapa. Lakini alikaa mbele yangu siku tisa, na wewe uko hapa." Alikamua rangi kwenye kibao, kahawia mbili, moja ya giza. "Nikumbushe. Yalikuwa na rangi gani hasa?"

Nikafungua mdomo kujibu. Kahawia, nikasema. Ya tende au ya kahawa? Nikasema ya kahawa. Yeye akasema anakumbuka nyepesi zaidi, karibu na asali, na duara la kijivu pembeni kama la wazee. Nikasema duara halikuwepo. Kisha nikasema labda lilikuwepo. Nikafumba macho nimwite, na aliyekuja alikuwa yule mwanamke aliyeshtuka niliyemfanya kwa kijiti cha kiberiti. Nikajaribu tena. Akaja tena.

Nilifumbua macho. Mmarekani alikuwa ananingoja na brashi, na usoni mwake niliona kwamba na yeye hana uhakika.

"Iache," nikasema.

"Iache?"

"Tutamfanya mtu mwingine. Iache."

Aliosha brashi. Nje kaka alikuwa ameshaanza kupiga honi. Mmarekani aliniuliza kama ningekaa siku mbili Sur anichore mimi, na nikasema kaka anarudi kazini kesho, na hiyo ilikuwa kweli. Aliifunga picha ndani ya kanga kwa namna ile ile ya mama, upande wa kulia kwanza. Mlangoni aliniambia, "Bi Mkubwa aliniombea nisisimamishwe. Mimi siamini kama ninyi. Lakini kila mwaka nimefikiri kwamba kuna mtu aliyehofia kwa ajili yangu." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Alikufa kwao kabla ya miaka ya themanini kwisha. Mtoto wa dada yake aliandika kwa Kiingereza, na binti wa kaka akanisomea. Barua ilisema picha zake ziko kwenye mahakama na vyuo vya miji minne, na kwamba yeye mwenyewe hakuacha picha yake hata moja, hakupenda kukaa. Kwa hiyo uso wake ninao mimi kichwani, na ninajua jinsi kichwa changu kilivyo. Pua inayochunika ninayo. Kofia ya majani ninayo.

Wifi alinirudishia ufunguo siku tuliyorudi kutoka Sur. Naitoa picha mara mbili kwa mwaka, kuianika kanga isiliwe na nondo, na siku nyingine pia, ninapotaka. Nimejifunza jinsi ya kuifungua. Siifungui yote. Upande wa juu wa kanga nauacha umekunjwa mpaka puani, pale kwenye buluu ya nili, na ninatazama kutoka hapo kwenda chini. Watu wa Ibra walikuwa na macho yake. Haya yaliyokuwa chini ya barakoa hawakuyaona kamwe. Shavu lenye alama ya ndui, kidevu, mdomo. Mdomo umefunguka kidogo, kwa sababu alikuwa anaeleza mkate wa kumimina, na alikuwa amefika penye iliki.